Maswali ya wafugaji: "Bachi ya Julai ilinipa raha, ya Februari imenitoa machozi"

Mwezi huu barua zimejaa broila tu, kuku wa nyama, hata watu wa mbuzi wamenyamaza. Nimechagua chache maana nyingi zinauliza kitu kilekile, mbona ile bachi (kundi la vifaranga walioingia pamoja) ilikuwa nzuri na hii imekuwa hivi wakati mimi ni yuleyule. Na nyie mnaoanza na "shikamoo dokta", marahaba zote nimezipokea ila jamani mimi sio daktari wa mifugo, ni afisa mifugo wa zamani ambaye na yeye ana banda lake nyuma ya nyumba na limeshamliza zaidi ya mara moja.

SWALI (mama mfugaji, Chanika, Dar es Salaam)

Shikamoo dokta. Mwaka jana mwezi wa saba nilichukua vifaranga 500, siku ya 35 nikauza kuku 484, wastani kilo 1.9, walikula mifuko 31 ya kilo hamsini hamsini. Nikasema sasa nimetoboa. Mwaka huu mwanzoni mwa mwezi wa pili nikachukua tena 500 palepale, chakula kilekile, banda lilelile. Wamekufa 59, wengi wiki ya tano, yani unaingia saa tisa mchana unakuta kuku mnene kabisa kalala chali. Wengine wakagoma kukua nikawavuta mpaka siku ya 40 nikauza 441, kilo 1.6, mifuko 29. Nimegombana na aliyeniuzia vifaranga mpaka tumeblokiana. Nihamie kwa nani?

JIBU

Marahaba mama, pole sana, kuku 59 sio mchezo. Ila huyo muuza vifaranga mfungulie simu umuombe radhi kabla hujahama, maana kwa maelezo yako mwenyewe sioni kosa lake. Kifaranga mbovu anaondoka mapema, siku tatu za kwanza, wiki ya kwanza, kitovu hakijafunga au kachoka na safari, anasinziasinzia basi kesho hayupo. Hakai wiki tano anakula mifuko yako, ananenepa, halafu anaamua kufa saa tisa mchana. Wako wamekufa mwishoni, mchana, wanene, chali. Hilo ni joto. Wangekuwa wanakufa usiku na mchana, kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, ningekwambia kimbia kamlete daktari hicho ni kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza wa kuku, lakini hujaandika hata kimoja.

Kuku hana jasho. Mwili wake una nyuzi joto kama 41 na njia yake kubwa ya kupoa ni kuhema mdomo wazi, maji yatoke na pumzi. Sasa Dar mwezi wa pili na wa tatu hewa yenyewe imeshiba maji, wewe unajipepea na kanga na bado nguo imegandana mgongoni, na yeye anahema weee hapoi. Na kula kunaleta joto tumboni, kwa hiyo anaacha chakula anabaki na maji, na hicho kidogo alichokula kinaishia kwenye kazi ya kuhema badala ya kwenda kidarini.

Halafu kuna kitu nakisema kila mwaka na kila mwaka narudia. Tunasema "msimu mbaya" kama vile ni mbaya kwa kuku wote. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 mpaka 34, yani Februari ya Dar kwake ni mama mzazi, hata mkaa unaokoa. Kuku wa wiki ya tano mwenye manyoya na karibu kilo mbili anataka kama 20 hivi, Februari hiyohiyo kwake ni jiko. Kwa hiyo usiniulize mwezi gani wa kununua vifaranga, niulize wiki ya nne na ya tano zinaangukia wapi. Wewe uliingiza mwanzo wa Februari wakakomaa katikati ya Machi, kaskazi bado ipo na masika haijapoza kitu, pabaya kuliko pote. Wa Julai walikomaa Agosti, kipupwe, usiku Dar inashuka mpaka 18 au 19, kuku kama ana taa anakula usiku kucha.

Sasa hesabu, maana umeandika kila kitu Mungu akubariki, wengine wananiandikia "kuku wengi walikufa" basi. Julai mifuko 31 ni kilo 1,550, na kuku uliouza ni 484 mara 1.9, kama kilo 920. Gawanya, unapata 1.69. Hiyo ndo FCR, kila kilo moja ya kuku imekula kilo 1.69 za chakula. Hii nyingine ni kilo 1,450 kwa kilo 706, inakuja 2.05. Umeona? Umetumia mifuko miwili pungufu ukafikiri umeokoa, kumbe ukilinganisha na kipimo chako cha Julai kuna karibu kilo 250 za chakula, mifuko mitano, imeyeyuka. Nyingine wamekula waliokufa, maana kuku wa wiki ya tano ameshamaliza karibu msosi wote ndo akafa, kifo chake kinauma kuliko cha kifaranga mara kumi, na nyingine imeliwa na zile siku tano za kuvuta.

Ipo na namba ya kuchanganya yote kwa pamoja, chukua asilimia ya waliobaki hai zidisha kwa uzito, gawanya kwa siku, gawanya tena kwa FCR, kisha zidisha mara 100. Julai yako inatoka kama 311, hii ya pili 172. Hiyo 311 kwa banda la wazi mama ningeiandika ukutani kwa rangi nyekundu.

Mwakani usiache kufuga, ila kaskazi usijaze banda kama kipupwe. Kuku kumi kwa mita moja ya mraba Julai wanakaa, Machi weka saba au nane. Chakula toa saa nne asubuhi rudisha saa kumi jioni, halafu washa taa saa kumi alfajiri wale kukiwa na ubaridi. Maji ndo usicheze nayo, na lile tenki jeusi lililokaa juani liwekee kivuli maana saa nane unawanywesha chai bila sukari. Bati lipake chokaa nyeupe au tandika makuti juu yake. Chanjo na kuhamisha kuku fanya alfajiri, mchana usiwashtue kabisa. Na la mwisho ambalo watu hawapendi kulisikia: wauze mapema. Watu wa chipsi kuku hawahitaji kuku wa kilo mbili, wanataka mdogo wa kukata vipande vinne, sasa unamvuta mpaka siku ya 40 ili iweje? Siku ya 30 anza kupunguza wakubwa, waliobaki wanapata hewa.

Kwa upande wa vifaranga nikubali kitu kimoja. Kuku wazazi huko mashambani na wao wanasikia joto, mayai yanakuwa madogo na vifaranga wanakuja wadogo kidogo. Siku ya kupokea pima vifaranga mia moja kwa pamoja uandike, ikipungua sana kwenye kilo nne hapo una haki ya kupiga simu ya hasira.

SWALI (kijana, Kibaha)

Dokta mzee wangu amegoma kula kuku wangu anasema siku 35 sio kuku hiyo, tumewachoma homoni. Mbele za wageni kabisa. Nimjibuje?

JIBU

Kwanza mheshimu mzee, mtafutie wa kienyeji yaishe. Lakini jibu lipo. Hebu fikiria kumchoma kuku mmoja mmoja sindano kila mara, vifaranga elfu moja, unamaliza saa ngapi na unabaki na faida gani? Kilichofanyika ni kuchagua wazazi, kizazi hadi kizazi, anayekua haraka ndo anazalishwa. Rekodi za Marekani zinaonyesha mwaka 1925 kuku alikaa siku 112 kufika kilo 1.1 hivi, na kila kilo ilikula karibu kilo tano za chakula. Na pale Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifanya jambo zuri sana, walikuwa wametunza kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa 1978 bila kuwaendeleza, wakawafuga pamoja na wa mwaka 2005, chakula kimoja, mazingira mamoja. Siku ya 56 yule wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Chakula kilekile! Tofauti ni damu tu.

Mwambie mzee hivyo taratibu akishashiba. Na wewe chukua la kwako hapo: mwili unaokua mbio hivyo unatengeneza joto jingi, kwa hiyo Cobb au Ross wa leo, hizi mbegu zetu za broila, joto linampiga kuliko kuku wa enzi za baba yako. Mbegu imekimbia, banda letu bado ni lile la bati fupi, mbao na wavu. Ndo maana mtu anasoma jedwali la kampuni kuku yuko zaidi ya kilo mbili siku ya 35, yeye anapata 1.6 anadhani amelogwa.

SWALI (mfugaji, Uyole, Mbeya)

Mkuu habari za kazi. Huku kwetu tatizo ni kinyume, mwezi wa sita baridi inauma. Vifaranga 300, wiki ya kwanza wamekufa 38, wanarundikana kwenye kona asubuhi unakuta wa chini wamebanwa. Nikaziba banda lote na turubai juu mpaka chini na majiko mawili ya mkaa. Wakatulia, wakakua vizuri, ila toka wiki ya nne naokota kuku tumbo limejaa maji kama limetiwa bomba, upanga wa kichwani umekuwa bluu. Ni ugonjwa gani na unaambukiza?

JIBU

Nzuri mdogo wangu. Hauambukizi, na samahani, umesaidia kuuleta mwenyewe.

Tuanze na hao 38. Kifaranga wiki mbili za kwanza hawezi kujipasha moto, ni kama mjusi, anachukua joto la pale alipo. Uyole mwezi wa sita usiku ni chini ya nyuzi 10, na wengi mnawasha jiko vifaranga wakiwa wameshafika, hewa inapata moto lakini sakafu na maranda bado barafu. Washa tangu jana yake. Ukitaka kujua kama pako sawa usiangalie kipimajoto peke yake, mchukue kifaranga miguu yake uiweke shavuni kwako, ikiwa ya baridi basi na tumbo ni la baridi na hatakula. Usiku huohuo wa kwanza papasa vifuko vya chakula vya shingoni vya vifaranga ishirini, karibu wote wawe wameshiba laini. Walio njaa wakiwa wengi bachi hiyo tayari umeipoteza nusu, hata siku ya 35 utauona usiku huo kwenye mizani. Na kona zizibe, weka duara la kadibodi au bati jembamba, kifaranga akose mahali pa kurundikana.

Sasa tumbo la maji. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Kuku wa nyama anakua haraka anataka oksijeni nyingi, baridi nayo inamlazimisha kuchoma chakula kupata joto anataka oksijeni zaidi, halafu wewe umefunga turubai juu mpaka chini, na mkaa unakula hiyohiyo iliyobaki, na harufu ya mkojo inayokuchoma macho asubuhi ukifungua inaharibu mapafu yake. Moyo unasukuma damu kwenye mapafu mpaka upande wa kulia unashindwa, maji yanavujia tumboni. Na anayeanza kufa ni yule anayekua vizuri kuliko wenzake, ndo maana unaokota wazuri.

Acha nafasi ya shibiri mbili juu kabisa chini ya paa, pande zote mbili, siku zote hata usiku wa baridi kali. Upepo usiwapige vifaranga chini, hewa ipite juu. Mkaa ukiwasha jiko liwake nje mpaka liwe jekundu ndo uingize, na usilale humo ndani tafadhali, ile hewa haichagui kifaranga wala mfugaji. Wiki ya pili na ya tatu wapunguzie mwendo kidogo, chakula cha unga badala ya kile cha punje, au ukiondoe masaa machache usiku. Watachelewa siku mbili tatu lakini watafika sokoni.

Kitu kingine, FCR yako Juni itapanda hata wasipokufa, na usishangae. Mama wa Chanika yake imepanda kwa sababu kuku hawakula, yako inapanda kwa sababu wanakula na kuchoma kama kuni. Msimu wako wewe wa dhahabu ni kuanzia mwezi wa tisa kwenda mbele, wakati Dar wanaanza kulia.

SWALI (mfugaji, Fuoni, Unguja)

Assalaamu alaykum. Mimi kila mwaka bachi kubwa natega ya Sikukuu, kuku elfu moja. Zamani nilikuwa napata sana, wazito na hawafi. Miaka hii minne mitano kila nikitega napata khasara, na dawa ni zilezile. Wenzangu wanasema chakula cha sasa kimechakachuliwa.

JIBU

Waalaykum salaam sheikh. Inawezekana chakula kikawa na lake, lakini kabla ya chakula tazama mwezi. Mwandamo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, joto halirudi nyuma. Mwaka 2018 Idi ndogo ilikuwa katikati ya Juni, kusi inavuma, kuku wako wamekomaa kwenye baridi ya raha. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, kuku elfu moja wanafikisha kilo mbili kwenye joto la mwisho wa kaskazi, na mpaka kufika 2030 itakuwa imesogea huko Februari. Sikukuu ni ileile, soko ni lilelile, msimu umehama chini ya miguu yako! Bachi uliyokuwa unaifuga zamani ilikuwa ya kipupwe, hii ni ya kiangazi, dawa haziwezi kuwa zilezile.

Ningekuwa mimi ningegawa, nisitege elfu wote kwa siku moja. Mia sita mapema, nichinje nigandishe kama friza na umeme vinaruhusu, mia nne ndo wafike siku yenyewe wakiwa wadogo, kilo moja na nusu. Na kumbuka ndani ya Ramadhani mchana biashara ya chakula inalala, kwa hiyo wakikomaa siku kumi kabla ya Idi utawalisha bure.

Masika ikikukuta nao ndani, kesi nyingine hiyo. Mvua inapiga pembeni, maranda yanalowa, yanaganda, na kwenye unyevu ule kuhara damu kunaamka. Shika maranda mkononi ukamue, yakibaki bonge hayafai, yakitoa maji umechelewa. Geuza kila siku, ongeza makavu, nunua ya akiba mwezi wa pili kabla mafundi seremala hawajapandisha bei.

SWALI (mfugaji, Morogoro)

Dokta nataka kujua kama naendelea mbele au narudi nyuma. Huwa nalinganisha bachi na iliyopita, inapanda inashuka sielewi. Na je kiangazi nipumzike kabisa?

JIBU

Hujaelewa kwa sababu unalinganisha Novemba na Agosti. Linganisha Novemba hii na Novemba ya mwaka jana. Mimi ninavyofanya ni daftari moja, ukurasa mmoja kila mwezi wa mwaka, bachi inaandikwa kwenye ukurasa wa mwezi iliyouzwa, miaka inashuka chini. Ukifungua ukurasa wa Machi unaona Machi tatu zimefuatana, hapo ndo utajua kama ile chokaa ya kwenye bati imesaidia au umechafua bati bure. Na waliokufa usiandike jumla, andika kwa wiki, na saa kama unaikumbuka, umeona mwenyewe hapo juu jinsi saa tisa ilivyomtoa hatiani muuza vifaranga.

Kupumzika mimi sipumziki, napunguza. Kiangazi mahindi nayo yanapanda, mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yanatoka kuanzia mwezi wa tano na Januari yameshaanza kuwa machache, kwa hiyo unapigwa na joto na bei ya chakula kwa pamoja. Lakini ndo wakati wenzako wengi wamefunga mabanda, na mwenye kuku mia mbili wazima Machi hatembezi kuku kutafuta mteja. Mia mbili lakini, sio elfu. Na Julai ukijaza banda, chanjo ya kideri usiiruke eti hali ya hewa nzuri, miezi ile mikavu ndo kideri inapotembea mitaani kwenye kuku wa kienyeji wa majirani, na hao majirani wanapita uani kwako kila siku, kuku wao na viatu vyao.